Mtoto wa kushtuka na kulia tangu mchanga, kisha pumu: kipi kilianza?

#1 BintiMkoani
Assalaam alaykum. Nina watoto wawili wa kiume, baba mmoja, nyumba moja, mkono wa malezi ni huu huu mmoja. Mkubwa ana miaka sita. Tangu nikiwa ndani ya arubaini alikuwa mtoto wa kushtuka. Mlango ukibamizwa anarusha mikono na kulia mpaka uso unabadilika. Mgeni akimpakata, kilio. Maji ya kuogea yakipoa kidogo, nusu saa nzima anagugumia hata nguo keshavishwa. Mdogo ana miaka mitatu, huyo ukimlaza katikati ya beni atalala.

Mkubwa ana pumu, daktari aliitaja alipotimiza miaka mitatu. Mdogo hata mafua hayamkai. Mama mkwe hachoki kuniambia: "Mtoto mwoga kifua humshika, nilikwambia mapema."

Ninachouliza: ule woga na kulia ndio uliomletea pumu, au pumu ilikuwemo tangu mwanzo ndiyo iliyokuwa ikimliza? Sitaki kuliwazwa. Nataka kuelewa.

#2 MkaaBaraza
Wa alaykum salaam. Pumu ni damu, mwanangu. Babu yangu Makunduchi alikuwa nayo, usiku wa baridi ya kipupwe analala kitako kaegemea mto mpaka adhana ya alfajiri. Ami yangu akairithi, na mtoto wa ami. Hao wote hawakuwa waoga, babu alikuwa mvuvi wa mkondo mkubwa. Tafuteni kwenye ukoo wa baba mtu, mtaikuta. Kulia kwa mtoto hakuna kosa lolote.

#3 Muuguzi_Ngambo
#2 kweli nusu. Kurithi kupo, lakini kinachorithiwa ni uwezekano. Hata mapacha wa kufanana, waliotoka yai moja, mmoja anaweza kuwa na pumu na mwenziwe asiwe nayo. Kwa hivyo kuna kitu kingine kinachoingia kati.

Dada BintiMkoani, kabla sijasema mengi nijibu haya. Alizaliwa miezi mingapi na kilo ngapi? Alikuwa na ukurutu mashavuni au kwenye mikunjo ya viwiko? Kuna mtu wa damu mwenye pumu au mafua ya mzio, yale ya kupiga chafya na kuwashwa macho? Na ndani ya nyumba kuna moshi gani?

Habari ya kushtuka si upuuzi, naomba watu wasiicheke. Mtoto akiogopa, tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni inayoitwa kortisoli. Kazi yake moja ni kutuliza uvimbe mwilini. Huwa juu asubuhi, kama nusu saa baada ya kuamka, na hushuka kabisa usiku wa manane. Ndiyo sababu mojawapo wagonjwa wa pumu wengi hubanwa usiku kuelekea alfajiri, kama alivyotuhadithia #2 kuhusu babu yake. Sasa mtoto ambaye mashine hii ya hofu inawaka mara kwa mara tangu mchanga, inawezekana ikaja kufanya kazi vibaya. Neno langu ni "inawezekana".

#4 Karafuu_na_Kusi
Mimi wa Wete. Mnakwenda mbali kwenye homoni na jawabu limo chumbani. Uzazi wa kwanza mnajua ulivyo kwetu: mama kafungiwa, madirisha yamezibwa upepo usimwingie, chetezo kinafuka asubuhi na jioni, udi, ubani, na chini ya kitanda makaa. Siku arubaini! Uzazi wa pili watu wamechoka, mama mwenyewe yuko jikoni siku ya kumi. Mtoto wa kwanza kavuta moshi, wa pili kaponea. Hapo pana hulka gani? Na mto wa sufi, na godoro lililorithiwa kwa bibi. Wale wadudu wadogo wa kwenye godoro wanaokula ngozi iliyopukutika wanapenda unyevu, na visiwa vyetu ni unyevu mtupu.

#5 Bi_Ukumbi
Tumefukizwa sote hapa na tuna vifua vizima. Udi ni sunna ya wazee, usitupiwe kila lawama.

#6 Karafuu_na_Kusi
Bibi yangu shikamoo. Siulaumu udi wa sebuleni wala wa kwenye nguo. Nauzungumzia wa chumba kilichofungwa na kiumbe cha siku tatu ndani yake. Moshi hauulizi kama umetoka kwenye kuni au kwenye udi wa thamani.

#7 Mtafiti_Tunguu
Nasoma saikolojia, mada hii imenigusa. Hulka ya mtoto mchanga imechunguzwa miaka mingi. Alexander Thomas na Stella Chess walianza New York mwaka 1956, wakawafuata watoto tangu uchanga. Wakawapanga: kiasi cha asilimia 40 wepesi kulea, asilimia 10 wagumu, asilimia 15 wanaochukua muda kuzoea, waliobaki mchanganyiko. Halafu Jerome Kagan wa Harvard akawachukua watoto wa miezi minne, akawaonesha vitu vipya, sauti mpya, harufu mpya. Karibu mmoja katika watano alirusha mikono na miguu na kulia. Hao walipokua walielekea zaidi kuliko wenzao kuwa wenye haya na tahadhari. Dada, mtoto wako umemweleza kama umesoma daftari la Kagan. Na Kagan huyo alithibitisha kwamba watoto waoga hupata pumu.

#8 Daktari_Msafiri
#7 umeeleza vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Hapo umeteleza. Kagan na wenzake mwaka 1991 waliandika kuhusu hulka na mzio, na walichokikuta ni kwamba jamaa wa damu wa watoto wenye haya walikuwa na mafua ya mzio zaidi kuliko jamaa wa watoto wachangamfu. Ni jamaa, na ni mafua ya mzio. Hakusema woga unaleta pumu. Tafsiri iliyo karibu ni kwamba huenda woga na mzio vinasafiri pamoja ndani ya ukoo, kama abiria wawili wa boti moja. Kukaa kiti kimoja hakumfanyi mmoja awe baba wa mwengine.

#9 Mtafiti_Tunguu
Nakubali, nimechanganya. Ahsante daktari.

#10 MamaWatatu_Chwaka
Naomba nihadithie yangu. Mwanangu wa kati alizaliwa mume wangu yuko dago, kambi ya uvuvi, miezi mitatu hajarudi, na pesa aliyotuma ikaishia kwenye deni la duka. Nilikuwa nalia naye. Yeye analia, mimi nalia. Alipofika miezi mitano kifua kikaanza kupiga filimbi. Wawili wengine, waliozaliwa baba mtu yuko nyumbani, hawana kitu. Siku zote najiuliza kama machozi yangu ndiyo yaliyomwingia kifuani.

#11 Daktari_Msafiri
Dada #10, kuna watu waliouliza swali lako hilo hilo kwa vipimo. Boston, Rosalind Wright na wenzake waliwafuata watoto 496 wa familia zenye historia ya pumu au mzio. Waliwauliza walezi kuhusu msongo wao mtoto akiwa na miezi miwili mitatu. Walezi waliokuwa na msongo mkubwa zaidi, watoto wao walionekana kupiga filimbi ya kifua mara kwa mara zaidi katika miezi 14 ya mwanzo. Hiyo ilitoka 2002. Denver nako, Mary Klinnert na wenzake walichukua watoto 150 ambao mama zao wana pumu. Mtoto akiwa na wiki tatu tu, wakaangalia mama anavyoyamudu malezi. Watoto hao walipofika miaka sita hadi minane, ugumu wa malezi ule wa wiki ya tatu ulikuwa miongoni mwa dalili zilizotangulia pumu, pamoja na maradhi ya kifua ya mwaka wa kwanza na kipimo cha damu cha mzio cha miezi sita.

#12 Hawa_wa_Jang'ombe
Na mimi hapa ndipo ninapokasirika, na nasema kwa nia safi kabisa. Kila mada ya mtoto inaishia kwa mama. Mtoto kashtuka, mama. Mtoto kabanwa, mama. Baba yuko dago, duka linadai, nyumba inavuja wakati wa masika, mama mkwe anasema lake, kisha mwanamke huyo huyo aambiwe machozi yake yana sumu. #10 mwenzangu, usilibebe hili peke yako. Hata huo utafiti wa wiki ya tatu: nani anajua kama mama hakuwa kalemewa kwa sababu mtoto alikuwa keshaanza kuwa mgumu? Mtoto asiyelala humfanya mama yeyote aonekane hawezi.

#13 Muuguzi_Ngambo
#12 umegusa penyewe. Mtoto mwenye mirija membamba ya hewa hulala vibaya, hukohoa usiku, hunyonya kwa kukatiza. Usingizi ukikatika mchana atakuwa mlizi. Mimi wodini nimewaona watoto walioitwa "wakorofi" na ukoo mzima, wakipata dawa ya pumu inayowafaa na usingizi wa siku kumi mfululizo, mama anakuja kuniuliza kama nimembadilishia mtoto. Kwa hivyo mshale unaweza kwenda upande wa pili: kifua kwanza, woga baadaye. Na anayewahi kukosa pumzi ana haki ya kuwa mwoga. Jaribuni kuziba pua na mdomo kwa hesabu ya ishirini muone moyo unavyopiga.

#14 MkaaBaraza
Nimejaribu. Nimefika kumi na mbili.

#15 Bi_Ukumbi
Na kahawa zako zile barazani ungefika ngapi!

#16 MkaaBaraza
Bibi, kahawa ni dawa ya kifua, wazee walijua. Babu akibanwa alikuwa akipewa kahawa chungu ya moto na tangawizi.

#17 Daktari_Msafiri
Kahawa kweli ina kitu kinachofungua mirija kidogo kwa saa chache. Ni kidogo tu, haifai kushika nafasi ya dawa, na mtoto mdogo asipewe. Turudi kwenye uzi.

Kuna jambo linalonisumbua katika maelezo ya #3 na ningependa tulijadili. Ukisoma kazi za Angelika Buske-Kirschbaum wa Trier, Ujerumani, utakuta picha mbili zinazovutana. Watoto wa miaka minane hadi kumi na nne wenye ukurutu wa mzio walipoambiwa wasimulie hadithi na kufanya hesabu mbele ya watu, kortisoli yao ilipanda kidogo kuliko ya wenzao wazima. Baadaye wenye pumu wakaonesha hivyo hivyo. Lakini watoto wachanga wenye mwelekeo wa mzio walipochomwa kisiginoni kwa ajili ya kipimo cha damu, kortisoli yao ilipanda zaidi ya wengine. Mwanzoni mashine inawaka kupita kiasi, baadaye haiwaki inavyotakiwa. Je, imechoka? Au miaka ya ugonjwa na dawa ndiyo iliyoinyamazisha? Hapo wataalamu wenyewe hawajapatana.

#18 Mtafiti_Tunguu
Hiyo inafanana na hadithi ya BintiMkoani: mchanga wa kushtuka kupita kiasi, kisha kifua.

#19 Hawa_wa_Jang'ombe
Inafanana pia na watoto elfu waliokuwa wakishtuka na hawakupata pumu. Mwanangu mwenyewe alikuwa akilia akiona kivuli chake, sasa ana miaka kumi na moja, anaogelea Forodhani kutwa.

#20 Skuli_Mwera
Mimi mwalimu. Nina mwanafunzi ambaye hubanwa siku za mtihani, na chuoni pia hubanwa ustadh akimwita asome mbele ya wenziwe. Wenzake wanasema anajifanya. Nilikuwa karibu kuamini hivyo, mpaka siku moja nikamwekea sikio mgongoni nikasikia filimbi kwa sikio langu. Tangu hapo namwachia akae karibu na dirisha na inhela yake, ile dawa ya kupuliza, iko mfukoni kwake, haiko tena kwenye kabati la ofisi. Swali langu: hofu inaweza kubana mirija papo hapo, bila vumbi wala baridi?

#21 Daktari_Msafiri
Inaweza. Kuna neva inayoteremka kutoka kwenye ubongo mpaka mapafuni, na ikichochewa misuli ya mirija hukaza. Halafu mwenye hofu huhema mbio kwa mdomo, hewa inaingia kavu, mirija inazidi kukasirika. Pia kuna utafiti uliotoka 2000 katika jarida la Lancet: watoto 90 wenye pumu walifuatwa miezi 18. Wakipatwa na tukio zito, mfano msiba au wazazi kuachana, uwezekano wa kubanwa upya katika wiki zilizofuata uliongezeka, hasa kwa yule ambaye nyumbani tayari mna dhiki ya muda mrefu. Lakini angalieni: hawa tayari walikuwa na pumu. Kinachowasha moto na kilichojenga jiko si lazima kiwe kitu kimoja. Naona uzi huu wote tunachanganya hayo mawili.

Na kuna Gregory Miller na Edith Chen, 2006. Walikuta watoto wenye pumu waliokuwa na dhiki sugu na juu yake likawaangukia tukio zito, vile vipokezi ambavyo kortisoli na dawa ya inhela hushikia kwenye chembe za damu, jeni zake zilikuwa zimelala. Huenda ndiyo maana dhiki ikizidi nyumbani, mtu anapuliza dawa ile ile na haioni kazi yake.

#22 Karafuu_na_Kusi
Hii ya mwisho imenikaa. Shangazi yangu wakati wa kesi ya shamba la mikarafuu, ndugu kwa ndugu, alikuwa anapuliza mara nane kwa siku. Tukasema dawa mbovu. Ila siachi hoja yangu ya moshi! Msimu ule ule karafuu zilikuwa zimeanikwa uwanjani, vumbi la makonyo kila mahali.

#23 Muuguzi_Ngambo
Mara nane kwa siku ni hatari, nasema hapa kwa wote. Inhela ya kufungua, ile ya rangi ya buluu kwa kawaida, ukiihitaji hivyo maana yake ugonjwa umeshinda na unatakiwa hospitali, na pengine unahitaji ile ya kila siku ya kutuliza uvimbe. Na mtoto asipuliziwe moja kwa moja mdomoni, dawa yote inaishia ulimini. Kama hakuna chombo cha kupitishia, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha: toboa kitako tundu la ukubwa wa mdomo wa inhela, ingiza inhela, ziba pembeni, mtoto avute kupitia mdomo wa chupa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima chupa hiyo mwaka 1999, ikafanya kazi sawa na chombo cha dukani.

Dada BintiMkoani bado hujanijibu #3.

#24 BintiMkoani
Samahanini, mtandao ulikatika huku tangu jana. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimekwenda kutafuta kadi ya kliniki ya mkubwa, ilikuwa chini ya sanduku la nguo za Iddi.

Alizaliwa miezi minane. Kilo 2.1. Mdogo alitimiza tisa, kilo 3.4. Ukurutu alikuwa nao nyuma ya magoti, tukampaka mafuta ya nazi. Kwetu hakuna pumu. Kwa baba yake, dada yake mmoja hupiga chafya kila asubuhi na macho mekundu, hatukuwahi kuliita jina. Moshi: #4 umesema kama ulikuwa mlangoni. Mdogo sikumfukizia hata nusu yake.

Halafu kuna kitu nilichokuta kwenye kadi ambacho sikukikumbuka kabisa. Wiki ya saba imeandikwa: anakohoa, kifua kinalia, arudi baada ya siku tatu. Nikakumbuka kuwa nilirudi, kwenye kituo kile nikaambiwa mafua tu. Mimi miaka yote nasema pumu ilianza miaka mitatu. Kumbe kifua kilisema kitu wiki ya saba.

#25 Hawa_wa_Jang'ombe
Basi kifua kwanza. Mama mkwe aoneshwe kadi.

#26 Daktari_Msafiri
Subira kidogo. Mtoto wa miezi minane huzaliwa na mapafu ambayo hayajakamilika, na mara nyingi huwa mwepesi wa kushtuka pia, kwa sababu na ubongo wake haujakamilika. Kwa hivyo inawezekana vyote viwili vimetoka kwenye ule mwezi mmoja aliokosa tumboni. Na virusi vya kifua vya miezi ya mwanzo huacha alama kwa baadhi ya watoto. Dada, kushtuka ulikokuona kulikuwa kabla ya wiki ya saba?

#27 BintiMkoani
Kabla. Siku ya tatu, kufuli la sanduku lilipoanguka. Nakumbuka kwa sababu mama yangu alisema "huyu kaja na roho ya kuku."

#28 Mtafiti_Tunguu
Basi woga kwanza!

#29 MkaaBaraza
Au kuzaliwa miezi minane kwanza. Au shangazi wa chafya. Au chetezo. Mimi nilikuja na damu yangu, sasa sijui niiweke wapi.

#30 MamaWatatu_Chwaka
BintiMkoani, mimba ya huyo mkubwa ulikuwa na hali gani? Samahani kwa kuuliza.

#31 BintiMkoani
Mtihani. Baba yangu alifariki nikiwa na mimba ya miezi sita, nikavuka na boti kwenda Unguja kuzika na kurudi siku hiyo hiyo, bahari ya kusi. Sikuwahi kuyaweka pamoja mambo haya mpaka nilipoona swali lako.

#32 Muuguzi_Ngambo
Mungu amrehemu baba. Dada, nakuomba mambo mawili. Anza daftari: usiku anaokohoa, siku anayobanwa, nini kilitangulia, hata kama ni ugomvi mdogo chuoni. Mwezi mmoja tu. Na umrudishe kliniki na hiyo kadi, wiki ya saba waione. Inhela anapulizaje sasa?

#33 BintiMkoani
Moja kwa moja mdomoni. Leo jioni natoboa chupa. Nitarudi hapa na daftari.

#34 Karafuu_na_Kusi
Na mto wa sufi uanike juani, tafadhali.